“Bleed”, “lose blood”, “haemorrhage” au “shed blood”: damu ikitoka, uandike lipi?

Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, au kwa Kigogo huku mpwa wake akitafsiri, kwamba damu inamtoka tangu jana jioni. Faili linataka Kiingereza. Iwe hospitali ya Benjamin Mkapa, iwe Jenero, iwe Mvumi, hapa kwetu Dodoma, anayeshika kalamu ana sekunde chache za kuchagua neno, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mdomoni tumeshajipatia njia ya mkato: “mama anablidi”, na wodi nzima inaelewa. Kwenye karatasi hiyo haipiti.

Wanaokwama si wauguzi peke yao. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeandika insha ya ajali ya barabarani, fundi gereji anayetakiwa ripoti ya gari la mradi, mwandishi wa habari za mahakamani, mkalimani anayesimama pembeni ya mhubiri kwenye mkutano wa injili: wote wanafika njia panda hiyo hiyo. Kiswahili kina kutoka damu, kutokwa na damu, kuvuja damu, kupoteza damu, kumwaga damu, kutoa damu. Kiingereza nacho kina ya kwake, na haya na yale hayaendani neno kwa neno, ndiyo maana kamusi ukiifungua haraka haraka inakuongezea utata badala ya kuupunguza.

Nimechukua manne yanayogombaniwa zaidi: “bleed”, “lose blood”, “haemorrhage” na “shed blood”. Nimeyapanga chini ya maswali yale yale ili uone kila moja linapokaa.

Maswali ya kuliuliza kila neno

La kwanza na zito kuliko yote: nani au nini kinakaa mbele ya kitenzi? Ni mgonjwa, jeraha, damu yenyewe, au mtu anayemfanyia mwenzake? Makosa mengi ninayokutana nayo kwenye ripoti za wanafunzi yanaanzia hapa, kabla hata ya kufika kwenye wakati uliopita.

La pili ni kiasi. Je, neno linabeba mililita, au linasema tu kwamba damu inatoka?

La tatu ni maumbo: sasa, jana, na lile la baada ya “has”. La nne ni mahali linapokubalika, maana faili la wodini, karatasi ya mtihani, gazeti na mimbari havivai nguo moja. La tano, linafanya kazi gani nje ya mwili wa mtu?

“Bleed”

*Nani anakaa mbele.* Mtu, mnyama, jeraha au kiungo. “The patient is bleeding.” “The wound is bleeding.” “Her gums are bleeding.” Damu yenyewe haikai hapo. Sisi tumezoea kusema damu inatoka, kwa hiyo mkono unakimbilia “The blood is bleeding”, na Mwingereza akisoma atajiuliza damu inatokwa na nini tena. Ukitaka damu itangulie, sema “Blood is coming from the wound”. Mahali inapotokea panachukua “from”. Inapoingia na kujikusanya ndani ya mwili panachukua “into”, kama “He bled into his abdomen”.

Sasa kuna mtego mmoja ambao umewekwa na Kiswahili chenyewe, na nitakaa hapo kidogo. Sisi tunasema mgonjwa *ametokwa* na damu. Hilo “-wa” la mwisho ni alama ya kutendwa, na mwanafunzi makini, anayejua sarufi yake, anaipeleka moja kwa moja kwenye Kiingereza: “The mother was bled after delivery.” Sentensi haina kosa la sarufi hata moja. Tatizo ni kwamba inasema kuna mtu alimtoa mama yule damu kwa makusudi.

Maana hiyo ipo kweli, na ni ya zamani. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba kumpunguza mgonjwa damu kunamponya, wakawa wanamkata mshipa na kuikinga kwenye bakuli. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipougua koo mwezi Desemba 1799 alitolewa damu mara kadhaa, na tarehe 14 ya mwezi huo akafariki. Ukiandika “Washington was bled several times” umepatia kabisa. Ukiandika hivyo hivyo kuhusu mama aliyejifungua salama saa tatu usiku, daktari wa zamu ya asubuhi ana haki ya kuuliza ni nani aliyefanya hivyo na kwa idhini ya nani. Sahihi ni “The mother bled after delivery.” Ile “was” ikibaki, basi ifuatwe na “bleeding”.

Mahali pengine ambapo “was bled” iko nyumbani kwake ni machinjioni. Ng’ombe akishachinjwa anatakiwa aishiwe damu vizuri, la sivyo nyama inakuwa nyeusi na haikai. Mkaguzi wa nyama anayeandika “The carcass was well bled” hajakosea, kwa sababu ng’ombe kweli ametendwa.

*Kiasi.* Linasita. “Bled heavily”, “bled a little”, “bled for two hours” ni sawa. Linapenda vielezi na muda. Kulibebesha namba, yaani “bled 600 ml”, utakusikia kwenye mazungumzo ya madaktari, ila kwenye karatasi ya mtihani kuna neno linalobeba namba vizuri zaidi, nalo linafuata.

*Maumbo.* Bleed, bled, bled. Hakuna “bleeded”. Liko kwenye ukoo wa “feed, fed”, “lead, led”, “breed, bred”: irabu ndefu ya sasa inakuwa fupi ikiingia jana. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na kiambishi cha wakati uliopita kama vingine, ila d ya mzizi na d ya kiambishi zilikutana, irabu ikabanwa ikawa fupi, na baadaye mkia ukadondoka. Usidhani kila chenye sauti hiyo ni ndugu: “need”, “weed” na “seed” vinachukua “-ed” yake kama kawaida.

Hapo kuna mambo mawili ya masikio. Kiswahili hakitenganishi maana kwa i ndefu na i fupi, kwa hiyo “bleed” isiyovutwa inasikika nusu nusu, ivute. Na kwa wale ambao r na l hubadilishana nafasi mdomoni, “The patient is breeding” ina maana mgonjwa anazaana. Vitenzi hivi viwili vina maumbo yanayofanana mwanzo hadi mwisho, bleed bled bled na breed bred bred, basi wakati uliopita hautakuokoa. Ni herufi moja tu.

Kosa lingine linalopendwa ni “The patient was blooding”. Kitenzi “blood” kipo, ila kwa Waingereza leo kinahusu zaidi kumpa chipukizi nafasi yake ya kwanza kwenye jambo kubwa. Kocha wa Dodoma Jiji akimwingiza kijana wa miaka 18 kwenye mechi ya ligi, mchambuzi wa Uingereza anaweza kusema “he blooded a youngster”. Wodini halina kazi.

*Pa kulitumia.* Kila mahali, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mtoto wa darasa la tano analielewa, bingwa wa upasuaji analitumia, gazeti linalichapa. Kwenye faili chunga wakati tu. “Is bleeding” inamwambia anayesoma kwamba damu inatoka sasa hivi, akimbie. “Bled” imepita. “Has bled twice since morning” inasema imetokea mara mbili na siku bado haijaisha, endelea kuangalia. Ripoti iliyoandikwa saa nane usiku inasomwa saa moja asubuhi, kwa hiyo weka saa pembeni ya sentensi, maana “is” ya saa nane inaweza kuwa ilishakuwa “was” kabla hakujapambazuka.

*Nje ya mwili.* Hapa halina mpinzani. Gereji kwanza. Oili ya breki haibanwi, hewa inabanwa. Hewa ikishaingia kwenye bomba, unakanyaga pedali inazama na gari halisimami. Fundi mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga na kushikilia. Mwenzake yuko chini kwenye tairi na spana, analegeza skrubu ndogo, oili inachuruzika na mapovu, anakaza kabla mguu wa juu haujaachia. Wanarudia tairi kwa tairi hadi mapovu yaishe. Sisi tunaita kutoa upepo. Kiingereza kinasema “We bled the brakes”, na ripoti ya gari la mradi itasema “The brakes were bled”. Unaona? Ni “were bled” ile ile iliyokataliwa wodini, na hapa ni halali, kwa sababu breki zimetolewa kitu na mtu.

Shambani pia limo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anajua kwamba mzabibu ukipogolewa, ncha zilizokatwa zinaweza kudondosha maji matone kwa matone. Mizizi inasukuma maji juu na machipukizi ya kuyatumia bado hayajatoka. “The vines are bleeding” ni Kiingereza cha kawaida cha wakulima hao duniani, na kwa kawaida si dalili ya ugonjwa. Watengeneza mvinyo nao wanalo: mvinyo wa rangi ya waridi unaweza kupatikana kwa kufungulia sehemu ya juisi kwenye tangi la zabibu nyekundu baada ya saa chache, kabla haijakolea, na Wafaransa wanaiita njia hiyo “saignée”, maana yake kutoa damu.

Mengine kwa kifupi. Kitenge kipya kikifuliwa na shati jeupe na rangi ikahamia kwenye shati, “the colour bled”. Kwenye uchapaji, ule ukingo wa kama milimita 3 unaoachwa nje ya mstari wa kukatia ili kalenda isibaki na kijistari cheupe pembeni, nao ni “bleed”, na hapo ni nomino. Kampuni inayopata hasara kila mwezi “is bleeding money”. Dalali anayemkamua mkulima hadi senti ya mwisho “is bleeding him dry”.

*Linamfaa nani.* Yeyote anayeeleza kinachotokea, hasa kama kinaendelea wakati anaandika.

“Lose blood”

*Nani anakaa mbele.* Mtu au mnyama, basi. Jeraha halipotezi damu, wala pua. Aliyepungukiwa ndiye anayetajwa.

*Kiasi.* Ndiyo kazi yake. “She lost about 700 ml of blood.” “He has lost a lot of blood.” Mahali kiasi kinapoamua hatua inayofuata, neno hili ni la kwanza. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limeeleza kutokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kuwa ni kupoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24. Sasa mkunga anaipataje namba hiyo? Anaweza kukinga damu kwenye mfuko wenye alama za vipimo, au akapima pedi kwenye mizani zikiwa kavu na zikishalowa, halafu kila gramu iliyoongezeka akaihesabu kuwa mililita moja. Namba akishaipata, “She bled” haitoshi tena. Aandike “She lost 650 ml”, au atumie nomino yake, “Blood loss: 650 ml”, ambayo kwenye chati ni fupi na haimsumbui mtu kwa wakati uliopita.

Bila kiasi, neno linalegea. “She is losing blood” si kosa, ila linamwacha msomaji akingoja namba.

*Maumbo.* Lose, lost, lost. Rahisi. Tatizo lake ni tahajia: “loose” yenye o mbili ni kulegea, kwa hiyo “loosing blood” ni kosa hata kama kila mtu darasani ameandika hivyo.

Kuna utata mwingine ambao ni mzito zaidi ya tahajia. Kwetu tunasema “amepungukiwa damu” au “damu yake imeshuka” kwa mtoto aliyepauka viganja kwa sababu ya malaria, minyoo au kukosa madini ya chuma. Mwanafunzi anaandika “The child has lost blood”, na daktari anaanza kutafuta jeraha ambalo halipo. Mtoto huyo “is anaemic”. Kupoteza damu ni njia mojawapo tu ya kuishiwa nayo.

*Pa kulitumia.* Faili, chati, ripoti ya polisi, habari ya ajali, mazungumzo. Haliinui nyusi popote.

*Nje ya mwili.* Halina cha kusema. “Lose” hupoteza kila kitu, lakini ukiongeza “blood” umerudi mwilini.

*Linamfaa nani.* Mwenye namba mkononi, au anayeeleza athari: “He fainted because he had lost so much blood.”

“Haemorrhage”

*Nani anakaa mbele.* Mgonjwa, likitumika kama kitenzi: “The patient haemorrhaged.” Lakini kama kitenzi linatokea mara chache. Nyumbani kwake hasa ni kwenye nomino, jina la tatizo: “postpartum haemorrhage” (ile ya baada ya kujifungua), “brain haemorrhage” (ya kwenye ubongo). Kwa kipimo hiki nadhani ulinganisho wa haki ni kusema kwamba “bleed” linaeleza tendo na hili linataja utambuzi.

*Kiasi.* Limebeba wingi ndani yake. Aliyejikata kidole akimenya kiazi hawezi “haemorrhage”, hata akilia vipi. Kwa hiyo “slight haemorrhage” wodini inawezekana, mfano kwenye jicho, ila nje ya wodi inachekesha.

*Maumbo.* Kwa asiyependa kukariri vitenzi visivyo vya kawaida, hili ni ahueni: haemorrhage, haemorrhaged, haemorrhaged. Deni unalilipa kwenye tahajia. Limetoka Kigiriki, neno la damu likaungana na neno la kupasuka, na herufi za safari hiyo zimebaki zote: “ae” mwanzoni, r mbili, h katikati isiyosikika. Wamarekani wameondoa a moja na kuandika “hemorrhage”. Mitihani yetu inafuata Uingereza, lakini vitabu vingi vya tiba vinavyozunguka kwenye simu za wanafunzi ni vya Marekani. Chagua moja na usichanganye ndani ya ukurasa mmoja.

*Pa kulitumia.* Utambuzi, ripoti ya upasuaji, somo, mtihani wa chuo cha afya. Ninachokiona mara nyingi ni mwanafunzi kuliingiza kila mahali ili aonekane amesoma: “The patient haemorrhaged from a small cut.” Msahihishaji anaona neno kubwa na tukio dogo, na alama inaondoka hapo hapo. Kwa ndugu wa mgonjwa ndiyo kabisa usilitumie.

*Nje ya mwili.* Magazeti ya biashara yanalipenda: kampuni “is haemorrhaging cash”, chama “is haemorrhaging members”. Ni hasara kubwa na ya haraka kuliko ile ya “bleeding money”.

*Linamfaa nani.* Anayejua tatizo linaitwaje na ana vigezo vya kuliita hivyo.

“Shed blood”

*Nani anakaa mbele.* Anayeua, au anayejitoa. “The soldiers shed innocent blood.” “He shed his blood for his country.” Damu inakaa upande wa kutendwa, kwa hiyo “Blood was shed” ni ya kawaida kabisa. Ni kumwaga damu, na kwa bahati nzuri Kiswahili na Kiingereza hapa wanashikana mikono karibu kila hatua.

*Kiasi.* Halipimwi. “Much blood was shed” ni kauli ya historia. “500 ml of blood was shed” haina anayeisema.

*Maumbo.* Shed, shed, shed. Halibadiliki, kama “cut” na “put”. “Shedded” usiliandike.

*Pa kulitumia.* Mimbarini, kwenye historia, hotuba za kitaifa, vichwa vya habari. Kwenye faili la hospitali ni hatari ya kuchekesha: “The patient shed a lot of blood” inamfanya mgonjwa wako aonekane ama shujaa ama muuaji.

*Nje ya mwili.* Ukiondoa damu, “shed” linaendelea na machozi, majani na ngozi ya nyoka. Hayo si ya leo.

*Linamfaa nani.* Mkalimani wa mahubiri, mwandishi wa historia, mwalimu anayefundisha vita ya Majimaji.

Na “kutoa damu” je?

Hili linaleta rabsha yake peke yake, maana Kiswahili kinaliazima kwa watu watatu tofauti. Aliyekwenda kuchangia kwenye kambi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama anasema nimetoa damu. Aliyechomwa sindano maabara anasema nimetoa damu. Na wapo wanaosema mtoto anatoa damu puani. Kwa Kiingereza wa kwanza “gave blood” au “donated blood”. Wa pili “had blood taken”, na fundi maabara ndiye “drew blood”, kutoka draw, drew, drawn. Wa tatu tu ndiye wa “bleed”: “The child’s nose is bleeding”, au “The child has a nosebleed”, jambo la kawaida kwetu miezi ya kiangazi upepo unapokausha pua.

Uchague kwa hali yako

Uko zamu na damu inatoka sasa: “is bleeding”, saa pembeni, na mahali inapotokea. Usipoteze muda na tahajia ya neno la Kigiriki. Ukishapima, ongeza sentensi ya pili yenye “lost” na namba. Daktari akishathibitisha tatizo, sehemu ya utambuzi ndiyo ya “haemorrhage”. Faili zuri la mama mmoja linaweza kuwa na yote matatu, kila moja kwenye mstari wake, bila kugombana.

Unaandika rufaa kutoka kituo cha afya cha Bahi au Chamwino kwenda hospitali ya mkoa: kiasi na muda vina uzito kuliko jina. “Has been bleeding since 6 a.m.; has lost about 800 ml” inamwandaa anayepokea kuliko “severe haemorrhage” isiyo na namba. Kama hukupima, andika kwamba ni makadirio.

Uko kidato cha nne na insha ya ajali: “bleed” na “lose blood” vinakutosha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kariri bleed, bled, bled pamoja na ndugu zake watatu wa ukoo, siyo orodha nzima ya ukurasa wa nyuma wa kamusi kwa usiku mmoja. Na kila ukiandika “was bled”, simama ujiulize ni nani aliyefanya.

Wewe ni fundi, mpiga chapa au mkulima wa zabibu: “bleed” ndilo lako, na unaruhusiwa kutenda na kutendwa. “I bled the brakes”, “The vines bled for days”. Ukiogopa kwamba mteja hataelewa, “I removed the air from the brakes” haina aibu yoyote.

Unatafsiri mimbarini: mhubiri akisema damu iliyomwagika msalabani, “the blood that was shed” itoke bila kufikiri. Akisimulia ajali aliyoiona njiani akitoka Manyoni, hama mara moja uende “bleed”. Wakalimani wengi husahau kuhama, na majeruhi wa bodaboda anageuka mfia dini mbele ya uwanja mzima.

Unaandika habari za mahakamani: mashahidi husema “alikuwa anavuja damu kichwani”, nawe uandike “He was bleeding from the head”. Kama alikufa kwa kuishiwa damu ni “bled to death”, na uiandike tu ikiwa ripoti ya daktari imesema hivyo. “Shed blood” ni mashtaka tayari, liache kwa wanasheria.

Na kama unaandika barua ya rambirambi kwa wafadhili au wenzako wa ng’ambo, usifunge na “My heart bleeds for you”. Kwa neno ni huruma kubwa, lakini Waingereza wameitumia kwa kejeli muda mrefu, kiasi kwamba mfiwa anaweza kudhani anachekwa. “We are so sorry for your loss” inatosha, kisha sahihi na jina la ofisi.